Uzi wa Upanga: Neno Moja la Kiitaliano na Deni la Mfasiri

Wafasiri wa ushairi wamegawanyika makundi mawili, na mgawanyiko huo ungalipo hapa kwetu. Kundi la kwanza hushikilia shina la neno. Hao, wakikuta neno la kigeni, hulichimbua hadi mzizi wake, kisha huutaka mzizi huo uonekane katika tafsiri, hata kama msomaji atajikwaa. Kundi la pili huona mashina ni shughuli ya wenye kamusi. Kwao neno ni thamani yake ya leo sokoni, na mfasiri hana deni jingine ila kutoa thamani hiyo hiyo kwa lugha yake. Ubishi wao aghalabu huwa juu ya mashairi mazima, na kwa hiyo haufiki mwisho, kwani shairi zima lina pa kujifichia. Nataka kuupima ubishi huo juu ya neno moja la Kiitaliano lenye silabi mbili tu, ambalo ni jina la sehemu ya upanga. Neno hilo ni filo.

Kiitaliano si kigeni kwa watu wa pwani. Husikika Malindi na Watamu, husikika Nungwi na Kiwengwa, na wapo vijana wetu wanaokizungumza vizuri kuliko Kiingereza. Hata hivyo ushairi wa lugha hiyo, pale unapotufikia, hutufikia kwa kawaida baada ya kupita mkononi mwa Waingereza. Na Mwingereza kwa filo ana neno lake, edge, ambalo halina uzi wala pamba ndani yake. Mfasiri anayetoka kwenye edge kwenda kwenye makali hapotezi kitu anachokijua, kwa sababu kilikwisha kupotea kabla hajaanza. Ndiyo maana neno hili lastahili makala yake peke yake.

Filo, pamoja na kuwa makali ya upanga, ya kisu na ya wembe, ni uzi. Hiyo ndiyo maana yake ya kwanza, ambayo Mtaliano huitumia kila siku dukani na nyumbani. Latokana na Kilatini filum, uzi. Jamaa zake wameenea katika lugha zote zilizozaliwa na Kilatini: Mfaransa ana fil, Mreno ana fio, na kila moja ni uzi na ni makali. Mhispania amefanya mgawanyo. Kwake hilo ni uzi na filo ni makali, na yote mawili ni watoto wa filum, pacha walioachana nyumba.

Ama Warumi wa kale hawakuita makali uzi. Wao walisema acies, neno lenye shina la uchongokaji, na wakalitumia pia kwa nguvu ya macho kuona na kwa safu ya jeshi iliyojipanga vitani. Acies halikufa. Lilizaa aciarium, na hilo likazaa acciaio kwa Mtaliano, acier kwa Mfaransa na acero kwa Mhispania, yaani feleji, chuma cha pua. Jina la makali likahamia ndani ya chuma chenyewe, na pale ukingoni palipobaki wazi pakaja uzi.

Kwa nini uzi? Mwenye kunoa kisu kwa mkono wake hatahitaji kueleweshwa sana. Kielekeze kisu butu kwenye mwanga, makali yakikutazama, utauona mstari mwembamba unaong'aa kutoka kwenye mpini mpaka kwenye ncha. Endelea kukinoa juu ya kinoo, mstari huo utazidi kuwa mwembamba mpaka jicho lisiuone tena. Hapo kisu kimepata. Na mara nyingi, kabla ya hapo, hutokea unywele wa chuma uliojikunja ukingoni, ambao huondolewa kwa kukipitisha kisu juu ya ngozi. Wafaransa huuita unywele huo morfil, uzi mfu. Basi jina hili limetoka kwenye jicho na kidole cha fundi.

Kutoka hapo neno limejenga ukoo mkubwa. Kunoa ni affilare, kukipa kitu uzi. Kusokota ni filare. Mstari wa watu ni fila, na sura ya mtu itazamwapo ubavuni ni profilo. Sauti iliyokaribia kukatika ni uzi wa sauti, na matumaini madogo ni uzi wa matumaini. Jani moja la nyasi ni filo d'erba, uzi wa nyasi, ambapo Mwingereza, kinyume chake, huliita kwa jina la bapa la upanga. Na yapo maneno ambayo mshairi yeyote angeyaonea wivu: perdere il filo, kupoteza filo. Husemwa juu ya kisu kilichokuwa butu, na husemwa juu ya mzungumzaji aliyesahau alipofikia. Kwa Mtaliano, kisu na msemaji hupata maradhi kwa jina moja.

Sisi nasi tumo katika ukoo huu, ingawa kwa mlango wa nyuma. Neno faili, lililojaa kila ofisi ya serikali, tumelichukua kwa Mwingereza. Mwingereza alilichukua kwa Mfaransa, na Mfaransa alilirithi kutoka filum, kwa kuwa hati zilitungwa katika uzi au waya ili zisipotee. Faili la karani ni binamu wa makali ya upanga wa Mtaliano. Lakini hapa pia ndipo penye mtego. Mwingereza ana file nyingine, chombo cha fundi ambacho sisi twakiita tupa. Hiyo ni ya asili ya Kijerumani, wala haina udugu na uzi, ijapokuwa yaandikwa vivyo hivyo na kazi yake ni kutia makali. Mwenye kufuata masikio yake angeapa kwamba tupa na filo ni mtu na nduguye. Vivyo hivyo angeweza kuapa kwamba makali yetu yametoka katika maqala ya Kiarabu, mzazi wa makala, kwa hoja kwamba maneno hukata. Hoja ni tamu lakini si kweli. Makali ni ya -kali, neno la Kibantu linalosikika kwa Waganda na kwa Wazulu, na halikuhitaji kuvuka bahari. Nayataja haya kwa sababu katika uhakiki wetu shina la neno limekuwa likitumiwa kama hati ya mahakama. Mtu husema neno hili asili yake ni kadha, basi mshairi fulani amekosea kulitumia kwa kadha. Asili ya neno ni picha iliyoonwa na watu wa kwanza waliolitumia. Haimfungi mtu ye yote baada yao.

Tutazame sasa lugha nyingine zilivyoona chuma hicho hicho. Katika Kiebrania cha Biblia, watu huanguka kwa mdomo wa upanga. Upanga una kinywa, na waliouawa wameliwa. Kigiriki cha Injili kikaufuata mdomo huo, na Kilatini cha Kanisa nacho. Wafasiri wa Biblia kwa Kiswahili hawakuufuata. Waliandika ukali na makali, na hakuna msomaji aliyelalamika. Waarabu husema hadd, nalo ni mpaka, mwisho wa kitu. Neno hilo sisi tunalo katika hadi, na wanafunzi wa sheria wanalo katika adhabu zenye mpaka uliowekwa. Abu Tammam, aliposifu kutekwa kwa mji wa Amorium mwaka 838, aliufungua wimbo wake kwa kuliweka hadd la upanga karibu na hadd la mpaka, likasikika mara mbili katika mstari mmoja kwa maana mbili. Msomaji wa Kiarabu hulikumbuka hilo mpaka leo. Ukilifasiri kwa makali na mpaka, habari yote imefika, na kilichoufanya ufunguzi ule usisahaulike kimebaki bandarini.

Nasi twaona nini? Upanga kwetu una mpini, una msuka unaoingia ndani ya mpini, una bapa, una ncha. Na ule upande ukatao hatukuupa jina la umbo lo lote. Hatukusema uzi, wala mdomo, wala mpaka. Tumeupa jina la tabia: makali. Ni neno lile lile la simba mkali, jua kali, siki kali, mwalimu mkali na maumivu makali. Twasema makali ya njaa na makali ya maisha. Mtaliano aliutazama upanga akauona wembamba wake. Mswahili aliutazama akauona moyo wake. Wareno walikaa pwani hii karibu karne mbili, na fio yao ikiwa viunoni mwao, na walituachia bendera, meza na leso. Fio hawakutuachia. Tulikwisha kuwa na jina, na jina lilitutosha.

Baada ya hayo ndipo twaweza kulirudia swali la mfasiri. Tulianze mahali ambapo halina ugumu. Mtaliano akisema watu walipitishwa a fil di spada, ana maana kwamba waliuawa wote kwa upanga. Haoni uzi. Picha imelala, na imelala usingizi wa karne nyingi. Mfasiri wa kundi la kwanza atakayeandika uzi wa upanga amemwamsha mtu asiyetakiwa, na msomaji atasimama kushangaa uzi huo umetoka wapi wakati habari ni ya mji uliochinjwa. Hapa kundi la pili lina haki kabisa: makali ya upanga, basi. Tatizo lililobaki ni la ufundi. Fil di spada ni silabi nne; makali ya upanga ni mizani 7, na katika kipande cha mizani 8 yabakia moja tu ya kupumulia. Fidia yetu ni kina. Makali humaliza kwa li, na li ni kina tajiri, chenye hali, mbali, swali, mali, akili na kweli. Mtunzi aliyeyaweka makali mwisho wa kipande amejifungulia mlango mpana.

Ushahidi wa pili nautoa kwa Eugenio Montale, aliyezaliwa Genoa mwaka 1896 na kupata tuzo ya Nobel mwaka 1975. Katika kitabu chake Le occasioni cha mwaka 1939 yamo mashairi mawili yanayonifaa. La kwanza ni lile la nyumba ya maofisa wa forodha. Msemaji anamkumbuka mtu ambaye hakumbuki tena; uzi unazongwa, naye ameshika ncha moja tu ya uzi huo, na nyumba inazidi kwenda mbali. La pili ni fupi, na ndani yake mkasi unaombwa usiukate uso mmoja uliosalia katika kumbukumbu inayopungua. Kisha baridi hushuka, shoka hukata, na mgunga uliojeruhiwa huangusha ganda la nyenje kwenye tope la Novemba. Katika la kwanza upo uzi, na makali hayamo. Katika la pili makali yapo kila mahali, na uzi haumo.

Mfasiri anayejua historia ya filo atajaribiwa vikali hapa. Atataka kuutia uzi katika shairi la mkasi, kwa kuwa mkasi hukata nyuzi na kumbukumbu yafanana na uzi. Na atataka kulitia shairi la nyumba harufu ya kisu. Nadhani ni kosa katika pande zote mbili. Nguvu ya shairi la mkasi ni kwamba kinachotishiwa ni uso, kitu kizima chenye macho. Ukiugeuza kuwa uzi umeupunguza. Na nguvu ya shairi la nyumba ni kwamba uzi haukatwi na mtu ye yote. Ungali mkononi, na hata hivyo haumfikishi mwenye kuushika popote. Kuuletea kisu ni kumpa msemaji faraja ambayo mshairi amemnyima, faraja ya kuwa na wa kumlaumu. Ujuzi wa mashina, usipotawaliwa, humfanya mfasiri aandike shairi lake juu ya shairi la mwenzake.

Nije kwa Dante. Mwanzoni mwa wimbo wa 31 wa Purgatorio, Beatrice amesimama ng'ambo ya mto. Kabla ya hapo alikuwa akizungumza na malaika juu ya makosa ya Dante, naye Dante akisikia. Sasa anamgeukia yeye mwenyewe. Mshairi ayafanya maneno ya Beatrice kuwa upanga: mwanzo alipigwa kwa makali, nayo yalimuuma, na sasa anaelekezewa ncha. Neno alilolitumia kwa makali si filo. Ni taglio, jina jingine la upande huo huo, linalotokana na tagliare, kukata. Na ladha ya makali hayo ameiita acro, neno la kitu kichungu au kikali ulimini.

Kundi la kwanza lingefanya nini hapa? Tagliare imetoka katika Kilatini cha baadaye, taliare, na nyuma yake ipo talea, kijiti kilichokatwa ili kipandwe. Je, tuandike kwamba Beatrice alimpiga Dante kwa kijiti? Shina, likifuatwa bila akili, hufika kwenye kichekesho. Lakini tazama Kiswahili kinavyoingia mahali hapa kama mtu aliyekaribishwa kwake. Dante alihitaji maneno mawili, moja la upanga na moja la ulimi, ayafunge pamoja ili usemi uwe upanga na upanga uwe na ladha. Kwetu kazi hiyo imekwisha kufanywa kabla mshairi hajashika kalamu. Maneno makali, upanga mkali, siki kali: ni neno moja. Na ncha ipo tayari kupokea zamu yake. Mfasiri akiandika kwamba maneno yaliyokuwa makali kwa makali yake sasa yamegeuzwa ncha, hakuongeza kitu wala hakupunguza, na msomaji wa Pemba au Lamu atauhisi uchungu kinywani. Mwingereza, mwenye edge upande mmoja na bitter upande wa pili, hana bahati hiyo. Huu ndio ushahidi wangu kwamba kupita kwake ni kupita njia ndefu yenye kiza, ilhali yapo maeneo ambayo Kiitaliano na Kiswahili vingeweza kupeana mkono moja kwa moja.

Limebakia swali gumu: ile hali ambapo uzi umeamka kweli. Ludovico Ariosto wa Ferrara alilichapisha Orlando furioso mara ya kwanza mwaka 1516, na kwa umbo lake la mwisho, lenye nyimbo 46, mwaka 1532. Ni bahari ya panga. Watu wanakatana toka mwanzo hata mwisho, na panga zenyewe zina majina kama farasi. Katikati ya makelele hayo, Astolfo apanda mnyama mwenye mbawa, afika Uhabeshi kwa mfalme Senapo, na kutoka hapo aenda peponi na kisha mwezini, kuitafuta akili iliyompotea Orlando. Huko mwezini aona jumba kando ya mto, vyumba vyake vimejaa mafungu ya kitani, hariri, pamba na sufu. Wazee wa kike wanasokota. Hao ndio wenye kuyasokota maisha ya wanadamu, na kitenzi ni filare. Kila fungu lina kibati chenye jina la mtu. Mzee mwenye mbio, ambaye ni Wakati, huvichukua vibati na kuvitupa mtoni, na takriban vyote huzama, isipokuwa vichache vinavyookolewa na ndege wawili weupe, ambao ni mfano wa washairi.

Sidai kwamba Ariosto alikaa akapanga filo la upanga lijibizane na filo la maisha. Nadai jambo dogo zaidi: kwamba msomaji Mtaliano, aliyetoka kwenye nyimbo thelathini na zaidi za panga zilizonolewa, affilate, anapofika mahali maisha yanaposokotwa, sikio lake limekwisha kuzoea neno. Kinachokata na kinachokatwa vina jina moja. Hilo halisemwi, ila linasikika. Na katika Kiswahili halitasikika, kwa kuwa makali na uzi hazijuani.

Hapa kundi la kwanza hulia, na kundi la pili huinua mabega. Mimi naona yote mawili ni kukata tamaa mapema. Mfasiri akikosa kitu katika neno moja, na atazame hazina yake yote. Kiswahili hakikuuweka uzi katika upanga. Kimeuweka wapi? Kimeuweka katika ushairi. Twatunga shanga, twatunga maua ya asumini, twatunga samaki, na twatunga mashairi. Kitenzi ni kimoja. Mtunzi ni mwenye uzi. Sasa rudi kwenye jumba la mwezini: nyuzi za maisha, majina yanayotupwa mtoni, na washairi ndio pekee wanaoyaokoa. Mtaliano anao uzi kwa mauti. Sisi tunao uzi kwa wokovu. Mfasiri atakayepitisha kitenzi kutunga katika sehemu hiyo kwa busara, ili msomaji asikie kwamba kinachosokotwa na wazee wale hutungwa tena na washairi, atakuwa amelipa deni lake kwa sarafu ambayo Ariosto hakuwa nayo, na thamani yake si haba.

Hazina nyingine ipo chuoni. Kila mtoto wa pwani aliyesoma amesimuliwa habari za daraja la Sirati, jembamba kuliko unywele na kali kuliko upanga. Wembamba wa unywele na ukali wa upanga vimewekwa sako kwa bako, juu ya njia moja, chini ya mguu wa mtu mmoja mwenye hofu. Hii ndiyo picha ya filo, yote nzima, ila kwetu imekuwa sentensi badala ya neno. Mtaliano husema mtu yuko sul filo del rasoio, juu ya uzi wa wembe, akimaanisha yuko penye hatari asiyoweza kuipinda kulia wala kushoto. Usemi huo ukiwa umelala, andika yuko hatarini na uende zako. Ukiwa umeamshwa na mshairi, kwa mfano ameweka mkufunzi wa kutembea juu ya kamba katika ubeti uliotangulia, basi usihangaike kubuni uzi wa wembe. Mlete unywele, mlete upanga, na msomaji wako atatetemeka zaidi kuliko Mtaliano, kwa sababu yeye amefundishwa kwamba siku moja atalivuka.

Wapo watakaosema kwamba huko ni kusilimisha shairi la watu. Pingamizi hilo lina uzito, nami silitupi. Mshairi wa kidunia wa Milano asivalishwe kanzu ikiwa yeye alikuja na koti. Lakini kipimo ni kile kile: sitii picha pasipo picha. Pale ambapo mshairi ametoa picha ya wembamba unaoua, nami nina picha ya wembamba unaoua, kumnyima msomaji picha yake kwa hofu ya kuonekana mwenyeji ni adabu isiyo na faida. Kiswahili hakikuwahi kuogopa kupokea kwa namna yake. Utenzi wa Herekali, uliotungwa Pate mwaka 1728, uliichukua vita ya mbali ya Waarabu na Warumi wa Mashariki ukaiimba kwa mizani ya visiwa vyetu, na hakuna aliyesema vita imeharibika. Na katika kisa cha Fumo Liyongo, kama alivyokitia Kijumwa katika utenzi wake, shujaa ambaye panga hazikumweza aliuawa kwa sindano ya shaba kitovuni. Chombo cha mshona nguo kilifanya kazi ya upanga. Msomaji aliyekua na kisa hicho hahitaji kufundishwa kwamba uzi na mauti vyaweza kukaa kibweta kimoja.

Hukumu yangu juu ya makundi mawili, basi, ni hii. La pili lina haki mara nyingi zaidi, kwa kuwa katika maandishi mengi mizizi imelala, na mfasiri mwenye heshima hapigi kelele palipolalwa. La kwanza lina haki mara chache, ila mara hizo ndizo zinazolifanya shairi liwe shairi. Kujua ni mara ipi, hakuna kanuni itakayofanya kazi badala ya sikio. Ipo dalili moja tu niliyoiona haidanganyi sana: mshairi aliyeamsha mzizi huweka karibu yake neno jingine la ukoo ule ule, ili wasemezane. Ukiwasikia wakisemezana, una deni. Usipowasikia, huna, hata kama kamusi ina kurasa kumi juu ya neno hilo. Na deni likiwapo, hulipwa kwa mali iliyomo nyumbani. Mwenye kujaribu kulilipa kwa uzi wa upanga amelipa kwa fedha isiyopokewa bandari hii.

Kutokana na hayo nina ombi kwa wahariri wa kurasa kama hizi. Tafsiri ya shairi ichapwapo, na itajwe imefasiriwa kutoka lugha gani hasa. Na ikiwa ni kutoka tafsiri, isemwe hivyo wazi, wala hakuna aibu. Nafasi ikiruhusu, maneno ya asili yawekwe ubavuni, hata kama wasomaji watakaoyaelewa ni wachache. Wapo vijana Malindi na Nungwi ambao wangeweza kuyasoma kesho, wakatuonyesha nyuzi ambazo sisi tulizipita bila kuziona.